Pakiti Imefia Wapi? Kutatua Hitilafu za Draiva na Mtandao Kwenye seL4

seL4, kerneli ndogo (kiini cha mfumo endeshi), haina mtandao. Kerneli yenyewe haijui Etha wala TCP; inajua nyuzi, kumbukumbu, ukatizi (ishara ya kifaa kwa kichakataji, yaani interrupt) na ruhusa, basi. Ndiyo maana iliwezekana kuithibitisha kihisabati mwaka 2009, na ndiyo maana pia fundi anayeiwasha akitarajia pingi ijibu atasubiri sana. Draiva ya kadi ya mtandao ni programu ya kawaida iliyofungiwa kwenye kikoa chake (chumba chake cha kumbukumbu na ruhusa). Rundo la itifaki, mara nyingi lwIP, ni programu nyingine kwenye kikoa kingine, na katikati yao kuna vikoa viwili au vitatu zaidi.

Mwongozo huu ni wa anayefunga visanduku vya kupima joto la friza za samaki na mitambo ya barafu huku Lamu, akitumia Microkit, zana za kujengea mfumo wa vikoa juu ya seL4, pamoja na sDDF, ule mfumo wa draiva wa seL4. Kisanduku kikigoma Shela au Kizingitini, kurudi kukitazama ni safari ya boti. Hitilafu zitafutwe mezani, kabla ya kupanda jahazi.

Njia ya pakiti inayoingia ni hii. Kadi huiandika kwenye kumbukumbu kwa DMA, yaani moja kwa moja bila kupitia kichakataji. Draiva huiona kwenye pete ya deskripta (orodha ya duara inayoiambia kadi ziko wapi bafa, yaani vipande vya kumbukumbu vya kuwekea pakiti) na kuiweka kwenye foleni. Kigawanyaji cha kupokea husoma anwani ya MAC na kuamua ni ya mteja gani. Kinakilishi huihamishia kwenye kumbukumbu ya mteja huyo, na mteja huikabidhi lwIP. Inayotoka hupitia kigawanyaji cha kutuma, kisha draiva. Kila mpaka una foleni mbili: moja ya bafa zenye mzigo, nyingine ya bafa huru zinazorudi. Hitilafu nyingi hukaa kwenye mipaka hiyo, pale kikoa kimoja kilipoahidi kurudisha bafa, kupiga arifa au kusafisha kache, na mwenzake akamwamini.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: pakiti ngapi zilipita kabla ya kimya kuingia? Idadi hiyo humtaja mkosaji mara nyingi kuliko msimbo wenyewe.

Weka vihesabio kwanza

Hapa hakuna `dmesg` ya kusoma ujumbe wa kerneli, wala `tcpdump` ya kunasa pakiti ndani ya kisanduku. Tenga ukurasa mmoja wa kumbukumbu ya pamoja (0x1000), kila kikoa kiandike vihesabio vyake humo: zilizoingia, zilizotoka, zilizotupwa, arifa zilizopigwa, arifa zilizopokelewa. Kikoa kimoja chenye kipaumbele cha chini kabisa kiusome na kuuchapa kila baada ya sekunde 5 kwenye waya wa sirio wa 115200.

Usichape mstari kwa kila pakiti. Kwa kasi ya 115200, herufi 80 hula karibu ms 7. Kwenye linki ya 1 Gb/s yenye fremu kubwa, muda huo unatosha kuleta pakiti zaidi ya 500. Utakuwa umejaza pete kwa uchunguzi wako mwenyewe, kisha utafute hitilafu ambayo umeitengeneza wewe.

Ukishapata namba, linganisha na hizi:

- 0: draiva haijaanza, au ukatizi haufiki.
- 1, au fungu moja dogo: ukatizi haujathibitishwa kwa kerneli.
- Sawa na ukubwa wa pete ya deskripta: pete haizunguki.
- Sawa na jumla ya bafa: bafa zinavuja.
- 65,536: kihesabio cha biti 16 kimejirudia mahali ambapo mtu hakukitarajia.
- Kwa TCP, baiti sawasawa na `TCP_WND` (dirisha la kupokea la lwIP): programu haiiti `tcp_recved`, inayolifungua tena.

Kumbuka kwamba foleni yenye vichwa viwili, cha kuingizia na cha kutolea, katika utekelezaji fulani hubeba moja pungufu. Ukiona 255 badala ya 256, bado ni pete.

Sifuri: hakuna chochote

Jenga kwa mpangilio wa `debug` kwanza. Kwenye `release` kerneli haichapi neno, na kikoa kilichoanguka kitaonekana kama kimelala. Kwenye `debug`, msimamizi wa Microkit huchapa mstari unaoanza na `MON|ERROR` na kutaja kikoa kilichoanguka pamoja na anwani iliyokigharimu. Isome anwani hiyo kwa makini. Draiva ya ENET (kadi ya mtandao iliyo ndani ya chipu za i.MX8) ikianguka kwenye 0x24, hiyo ni ECR, rejesta yake ya udhibiti, iliyohesabiwa kuanzia sifuri: kigezo cha anwani ya msingi hakikujazwa. Angalia kama jina lililo kwenye `setvar_vaddr` ya faili la mfumo la Microkit (linaloorodhesha vikoa na kumbukumbu zao) linafanana herufi kwa herufi na jina la kigezo kwenye C. Anwani ikiwa ni ya chini kidogo ya rundo (stack) la kikoa, basi mtu ametangaza bafa ya baiti 2048 ndani ya kazi. Ongeza `stack_size` hadi 0x10000 kisha uendelee.

Kama hakuna kilichoanguka, tazama ukatizi. Kosa la kawaida ni kunakili namba kutoka kwenye faili la devaisi trii (maelezo ya vifaa vya bodi) bila kuongeza 32. Kwenye GIC, kidhibiti cha ukatizi cha Arm, ukatizi wa pamoja huanza 32, lakini devaisi trii huuhesabu kuanzia sifuri. ENET ya i.MX8MM iliyo kwenye 0x30be0000 imeandikwa `<0 120 4>`. Kwenye faili la mfumo andika 152. Kadi ya ODROID-C4 ni 8, kwa hiyo 40. Tarakimu ya tatu ni aina: 4 ni ya kiwango, 1 ni ya ukingo, nayo lazima ilingane na sifa ya `trigger`.

Kwa wanaojaribu kwanza ndani ya QEMU, kiigizi cha kompyuta (na ni busara, kwa kuwa bodi haiungui), kuna mitego mitatu. Mashine ya `virt` ina nafasi 32 za virtio (vifaa vya kuigiza) kuanzia 0xa000000, kila moja 0x200. Kifaa cha kwanza kwenye amri huwekwa nafasi ya mwisho: 0xa003e00, ukatizi 79. Ukiongeza diski mbele ya kadi ya mtandao kwenye amri, diski huchukua nafasi hiyo na kadi inashuka hadi 0xa003c00, ukatizi 78. Draiva inabaki inazungumza na diski. Hakiki rejesta tatu za mwanzo: uchawi uwe 0x74726976, toleo liwe 2, aina iwe 1. Aina 2 ni diski, 0 ni nafasi tupu.

Toleo likisoma 1, umesahau `-global virtio-mmio.force-legacy=false`. Ukilazimisha draiva ikubali hivyo hivyo, pakiti zitafika zimesogea baiti 2, kwa sababu kichwa cha virtio-net cha kisasa ni baiti 12 na cha kale ni 10. Dalili yake ni anwani za MAC zilizoanzia katikati.

Mtego wa tatu: na `-netdev user`, kisanduku hupewa 10.0.2.15 na lango ni 10.0.2.2, lakini huwezi kukipingi kutoka kwenye laptopu yako. Tumia `hostfwd` na jaribu kwa TCP. Watu wamepekua draiva nzima usiku kucha kwa sababu ya pingi ambayo haikuwa na njia ya kupita.

Moja, kisha kimya

seL4 hufunga ukatizi mara tu inapoufikisha, na haiufungui mpaka kikoa kiite `microkit_irq_ack` au `microkit_deferred_irq_ack`. Tafuta kwenye `notified` kila njia ya kutokea. Kuna `return` moja mahali fulani inayoruka mstari huo.

Mpangilio pia una maana. Soma EIR (rejesta ya matukio ya ukatizi), iandikie thamani ileile ili kuifuta, hudumia pete, ndipo uthibitishe. Kwa ukatizi wa kiwango, ukithibitisha kabla ya kufuta, unarudi papo hapo. Draiva yenye kipaumbele cha juu itazunguka bila kikomo na vikoa vya chini havitapata hata nukta ya muda. Kwenye sirio utaona kikoa cha vihesabio kimeacha kuchapa. Huo ndio ushahidi.

Hufa kwenye namba ileile kila mara

Namba ikiwa ni ukubwa wa pete, fungua deskripta ya mwisho na utazame biti ya W, ya 13. Isipowekwa, kadi haijui kwamba pete imekwisha. Inaendelea kusoma kumbukumbu inayofuata na kuichukulia kuwa ni deskripta.

Hapa panahitaji kusemwa jambo ambalo matangazo ya mifumo salama hulipita haraka. Uthibitisho wa seL4 huchukulia kwamba DMA imezimwa au inaaminika. Kwenye bodi isiyo na SMMU (kizuizi cha anwani za DMA), kadi inaandika popote draiva ilipoielekeza, ikiwemo kumbukumbu ya kerneli. Kikoa kisichohusiana kabisa na mtandao kikianza kuanguka kwa namna ambayo haieleweki, kwa anwani tofauti kila siku, usiilaumu kerneli kabla hujachapa pete nzima ya deskripta na kuhakikisha kila anwani halisi imo ndani ya eneo lake la DMA. Draiva ndiyo programu unayopaswa kuisoma mstari kwa mstari, ingawa ina mistari michache.

Hitilafu ya jirani: kisanduku kinajibu pingi vizuri, kisha unakipigia `ping -f` na hakijibu tena hadi uzime umeme. Hii ni RDAR, rejesta inayoiambia kadi kuna deskripta tupu za kupokea. Kadi ikifika kwenye pete na kukosa deskripta tupu, huifuta rejesta hiyo na kuacha kupokea. Draiva lazima iiandike upya kila inapojaza bafa mpya, hata kama inadhani haihitajiki.

Namba ikiwa ni jumla ya bafa, tuseme 512, kuna mtu hazirudishi. Usianze na njia ya kawaida; hiyo ingevunjika siku ya kwanza. Anza na njia za kutupa pakiti. Kigawanyaji kikipata MAC isiyo ya mteja yeyote, je, kinairudisha bafa kwenye foleni huru ya draiva? Kinakilishi kikikuta mteja hana nafasi, bafa ya asili inaenda wapi? Na tangazo la wote, likigawiwa kwa wateja wawili, bafa irudi mara moja tu, baada ya wote wawili kumaliza. Kigawanyaji kinahitaji kuhesabu walioishika.

Uvujaji wa njia ya kutupa ndio unaodanganya zaidi mezani. Kwenye swichi yako yenye laptopu moja, hakuna pakiti za kutupa, na kisanduku kinakaa wiki nzima. Kipeleke kwenye nyumba ya wageni Shela yenye simu 30 zinazotangaza mDNS (matangazo ya kutafutana mtandaoni), na bafa 512 zinakwisha kwa dakika. Ili kuuona kabla ya safari, weka hesabu isiyovunjika: bafa zilizo huru, zenye mzigo, zilizo kwenye kadi na zilizo kwa mteja, jumla yake iwe 512 kila sekunde 5. Ikishuka hata kwa moja isirudi, una uvujaji, na vihesabio vya zilizotupwa vitakuonyesha kwenye mpaka upi.

Pingi inajibu, lakini baada ya ms 1000

Dalili nzuri kuliko zote, kwa sababu haina maelezo mengine. Jibu la kila pingi linafika pingi inayofuata inapoingia. Badilisha kwa `ping -i 0.2`, majibu yakishuka hadi ms 200, umepata: arifa inapotea, na pakiti inakaa kwenye foleni mpaka nyingine ije kuiamsha.

Chanzo ni ushindani mdogo. Mpokeaji anamaliza foleni, anaona tupu, na kabla hajainua bendera ya kwamba anahitaji arifa, mtumaji anaingiza pakiti. Mtumaji akitazama bendera anaikuta chini, hapigi. Mpokeaji anainua bendera na kulala. Dawa ni kutazama foleni tena baada ya kuinua bendera:

```
for (;;) {
    while (!tupu(q)) hudumia(ondoa(q));
    q->nahitaji_arifa = 1;
    __atomic_thread_fence(__ATOMIC_SEQ_CST);
    if (tupu(q)) break;
    q->nahitaji_arifa = 0;
}
```

Mstari wa uzio (`__atomic_thread_fence`) si pambo. Bila huo, kichakataji chenye kiini zaidi ya kimoja, na hata kikusanyaji kwenye kiini kimoja, kina haki ya kusoma `tupu` kabla ya kuandika bendera, na umerudi ulipotoka. Usitibu kwa kupiga arifa kwa kila pakiti. Pingi itapona, lakini kila arifa ni kuingia na kutoka kwenye kerneli, na chini ya mzigo kichakataji kitaliwa na kengele tupu.

Kama kuchelewa hakufuati muda wa pingi, ila kunacheza kati ya 0 na ms 10, tazama `budget` na `period`. Kikoa chenye `budget="100"` na `period="10000"` hupata µs 100 kila ms 10. Kwa draiva hilo ni zito: pete ya deskripta 256 hujaa kwa ms 3 hivi kwenye 1 Gb/s. Na hakikisha vipaumbele vinashuka kutoka kwenye draiva kwenda kwa mteja. Microkit inakataa wito uliolindwa kwenda kwenye kikoa cha kipaumbele cha chini au sawa, lakini mpangilio mbaya wa foleni haiukatai. Inakuachia uteseke nao.

Pakiti inafika ikiwa na maneno ya jana

Urefu sahihi, kichwa sahihi, lakini ndani kuna kipande cha pakiti ya zamani. Au checksamu inakataa moja kati ya mia. Au inatokea kwenye bodi na kamwe haitokei kwenye QEMU. Hii ni kache. QEMU haiigizi kache, kwa hiyo haitakuonyesha kamwe.

Jaribio la kuthibitisha: jaza bafa zote za kupokea kwa 0xAA kabla ya kuzikabidhi kwa kadi, safisha kache, kisha pokea. Ukiona vipande vya 0xAA vinavyoanza na kuishia kwenye vizidishio vya 64, hakuna mjadala tena. 64 ndio upana wa mstari wa kache wa Cortex-A53 na A55.

Kutuma ni rahisi: safisha mistari ya bafa kabla ya kuandika TDAR (rejesta ya kuanzisha utumaji), na uzio kati ya hizo mbili. Kupokea ndiko kwenye matatizo. Unatakiwa kubatilisha mistari ili kichakataji kisome kilicholetwa na DMA. Lakini kwenye AArch64 amri ya kubatilisha tupu, `dc ivac`, hairuhusiwi nje ya kerneli. Una njia mbili: kuiomba kerneli kwa `seL4_ARM_VSpace_Invalidate_Data`, ambayo ina gharama ya kuingia kerneli kila mara, au kutumia `dc civac` inayosafisha na kubatilisha pamoja.

`dc civac` ina sharti lake. Ikiwa mstari una maandishi ambayo hayajafika kwenye kumbukumbu, yatashushwa kwanza, juu ya data mpya ya kadi. Utasema hakuna anayeandika kwenye bafa ya kupokea. lwIP inaandika: inapochakata TCP hugeuza mpangilio wa baiti za kichwa palepale ndani ya bafa. Mstari umechafuka, bafa inarudi kwenye kadi, kadi inaleta pakiti mpya, kisha uchafu wa zamani unashuka juu yake.

Ndiyo sababu ya kuwepo kwa kinakilishi, ambacho wengi hukiondoa kwa tamaa ya kasi. Eneo la DMA la kupokea lisomwe tu, `perms="r"`, na kila kikoa kinacholiona; mteja afanye anachotaka kwenye nakala yake. Hapo hakuna mstari unaoweza kuchafuka. Na mteja akijaribu kuandika, `MON|ERROR` itamtaja kwa jina, jambo ambalo ni bora mara mia kuliko kuwinda checksamu mbovu.

Pete za deskripta ni habari nyingine. Zipangiwe `cached="false"`. Deskripta ya ENET ya mtindo wa zamani ni baiti 8, kwa hiyo nane hukaa kwenye mstari mmoja; ukisafisha yako unafuta zile saba ambazo kadi imetoka kuziandika. Hakikisha pia eneo moja halikupangwa kwa kache kwenye kikoa kimoja na bila kache kwenye kingine. Faili la mfumo litakubali bila kulalamika.

Neno fupi kuhusu checksamu zenyewe: pingi ikijibu na TCP ikikataa, tazama kama kadi na lwIP zote zinaziandika. ENET inapopewa kazi ya kujaza checksamu hutaka nafasi yake iwe sifuri. Chagua mmoja, zima mwingine kwa `CHECKSUM_GEN_TCP` na wenzake.

Taa inawaka, hakuna kinachopita

Soma PHY, chipu inayoendesha waya wa mtandao, kupitia MDIO, njia ya kusomea rejesta zake. Saa ya njia hiyo, MDC, isizidi 2.5 MHz. Rejesta 2 na 3 zinatoa kitambulisho. RTL8211F ya ODROID-C4 husoma 0x001c na 0xc916. Ukisoma 0xffff, hakuna PHY kwenye anwani hiyo. Jaribu zote 0 hadi 31. Rejesta 1, biti ya 2, ndiyo hali ya linki, lakini hushikilia habari ya kukatika kwa mwisho, kwa hiyo isome mara mbili na uamini ya pili.

Linki ikiwa ya 1000 na vihesabio vya makosa ya CRC vinapanda huku vya pakiti nzuri vimesimama, ni ucheleweshaji wa saa wa RGMII, kiungo kati ya kadi na PHY. Saa inatakiwa kuchelewa kama ns 2 kuliko data, na ucheleweshaji huo uwekwe upande mmoja tu, PHY au kadi. Lazimisha 100, ikifanya kazi hapo, umethibitisha, maana kwa 100 saa ni 25 MHz badala ya 125 na kosa la ns 2 halionekani.

Kuna toleo la Lamu la tatizo hili. Hewa ya chumvi hula miguu ya RJ45, hasa kisanduku kikiwa barazani au karibu na mtambo wa barafu. 1000BASE-T inahitaji jozi zote nne za waya. 100BASE-TX inahitaji mbili, miguu 1, 2, 3 na 6. Jozi ya 4 na 5 au 7 na 8 ikioza, PHY yenye uwezo wa kushuka itajishusha hadi 100 peke yake, na isiyo nao itapanda na kushuka bila kutulia. Draiva iliyoandikia kadi "1000" wakati wa kuwasha na haikuangalia tena itabaki 1000 huku PHY ikiwa 100. Taa inawaka, hakuna kinachopita. Draiva isome kasi kila linki inapobadilika na kuirekebisha ECR, biti ya 5. Kwa upande wa waya, kata kichwa, funga kipya chenye dhahabu ya kweli na kifuniko cha mpira, na pitisha kebo mahali ambapo tone la maji litadondoka kabla ya kufika kwenye tundu.

Inafanya kazi ikiwashwa kwa TFTP, kwa kadi ya SD haifanyi

Mezani picha ya mfumo hupakiwa kwa TFTP (kupitia mtandao), na ili kufanya hivyo U-Boot, programu ya kuwashia bodi, huwasha saa za kadi, huondoa PHY kwenye riseti na kumaliza maelewano ya kasi. Draiva yako inaikuta meza imeandaliwa. Kwenye kisanduku kilichofungwa, picha inatoka SD, U-Boot haigusi mtandao, na draiva inaandika kwenye rejesta ambazo saa yake imezimwa. Kwenye baadhi ya bodi basi nzima huganda hapo hapo, bila hata ujumbe wa kosa.

Andika hatua zote kwenye draiva: saa, pini ya riseti ya PHY, muda wa kusubiri uliotajwa kwenye waraka wa PHY hiyo, maelewano. Kama umeharakishwa, amri ya `mii info` kwenye hati ya kuwashia ya U-Boot huiamsha PHY kwenye bodi nyingi, lakini jaribu kwenye bodi yako kabla ya kuiamini. Na jaribu zaidi ya kuwasha kwa baridi: katakata umeme kwa sekunde moja moja. Umeme unapoyumba, kichakataji huweza kuanza upya huku PHY ikibaki katika hali ya nusu, na ni kuivuta pini ya riseti tu kutakakoirudisha.

Mteja mmoja anapata anwani, wa pili hapati

Kila mteja wa sDDF ana MAC yake juu ya kadi moja. Kadi lazima ipokee zote: ENET iwekewe biti ya 3 ya RCR (rejesta ya udhibiti wa kupokea), la sivyo itachuja zisizo zake. Hakikisha pia visanduku viwili havikujengwa kwa MAC ileile iliyonakiliwa kutoka kwenye mfano. Swichi itaruka kati yao na kila mmoja atapatikana kwa vipindi. Anza MAC za kujitungia na 02.

Mezani vyote vikiwa sawa na kwenye paa vikakataa, tazama daraja la redio. Mji wa Amu una kuta nene za mawe na vichochoro vyembamba, kwa hiyo wengi huruka kutoka paa hadi paa bila waya. Redio iliyo katika hali ya kawaida ya mteja hubeba MAC moja tu, yake yenyewe. DHCP (ombi la anwani) ya wateja wa ndani inaondoka na jibu halijui pa kurudi. Weka redio zote mbili katika hali ya anwani nne, inayoitwa WDS na watengenezaji wengi, au umpe kikoa kimoja kazi ya kuelekeza pakiti kwa wengine.

Intaneti ina kasi, kisanduku kinakokota

lwIP hutoka kiwandani imepimwa kwa vifaa vyenye kumbukumbu ndogo sana. `TCP_MSS`, kipande kikubwa kabisa cha data kwa pakiti, ni baiti 536 na `TCP_WND` ni mara nne yake, baiti 2144. Kwenye njia yenye mzunguko wa ms 50, hiyo ni 343 kb/s kwa kila muunganisho, haidhuru una bomba la ukubwa gani. Weka `TCP_MSS` 1460 na `TCP_WND` 44 × 1460. Kwa mzunguko uleule unapata 10 Mb/s. Ukitaka zaidi ya 65,535 washa `LWIP_WND_SCALE`.

Kisanduku cha joto hutuma kuliko kinavyopokea, kwa hiyo `TCP_SND_BUF` ndiyo ya kuanza nayo. Ipandishe pamoja na `MEMP_NUM_TCP_SEG`, ambayo haipaswi kuwa chini ya `TCP_SND_QUEUELEN`; lwIP itakataa kujengwa ukisahau. Kisha rudi kwenye vihesabio: dirisha kubwa huleta pakiti kwa mafungu makubwa, na bafa za mteja zilizotosha jana huenda leo zikaanza kutupa.